Kikao Kisicho na Mkubwa

Kabla ya Bi Sichana kuugua, hapakuwa na mwanamke wa Michenzani aliyethubutu kusema neno kwenye kikao cha Jumatano bila ya kumtazama yeye kwanza. Michenzani wakati huo ilikuwa nyumba za udongo na makuti, zimebanana hata ukipiga chafya chumbani jirani anakuombea dua. Nyumba ya Bi Sichana ilikuwa kubwa kidogo kuliko nyengine, kwa sababu marehemu mumewe, Matar, alikuwa seremala na aliijenga kwa mkono wake, akaiwekea ukumbi mpana wenye madirisha mawili. Humo ndimo walimokutana, kila Jumatano baada ya sala ya alasiri, wanawake kumi na mbili, mara nyengine kumi na tano, na vitambaa vyao vya kofia na sindano zao.

Kikao alikianzisha yeye, mwaka mmoja baada ya kufiwa. Alianza na shoga yake Hija, wakishona wawili tu ili ukumbi usimwelemee kwa ukimya. Akaja wa tatu, akaja wa nne. Kufika mwaka wa hamsini na tano kikao kilikuwa na taratibu zake, na taratibu zote zilikuwa kichwani mwa Bi Sichana. Yeye alikaa kwenye kiti cha mgongo mrefu, wengine mikekani. Yeye ndiye aliyechagua la kuzungumzwa: leo malezi, leo mapishi, leo namna ya kuishi na mawifi. Mwenye kutaka kusema alimtazama, naye akainua kidole. Na barua zilipokuja, yeye ndiye aliyezisoma, kwani alijua hati za Kiarabu alizofunzwa chuo cha Kurani na hati za kizungu alizofunzwa na mumewe. Barua za mtaa mzima zilipita machoni mwake. Alijua mume wa nani kaoa Mombasa na mtoto wa nani kafukuzwa kazi Tanga. Hakuwa mwanamke mbaya. Hakutoa siri hata moja. Lakini alipenda kuwa nazo.

Mwanapili alikuja mwaka huo kutoka Tumbatu, akimfuata mumewe Ame, aliyepata kazi ya uchukuzi bandarini Malindi. Alikuwa na miaka ishirini na mitano hivi, mtoto mgongoni, na maneno ya Kitumbatu yaliyowafanya wenzake wa mjini wajiume midomo wasicheke. Walipanga nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Sichana. Bi Sichana mwenyewe ndiye aliyemkaribisha kikaoni. Alimfunza kutoboa viua vya kofia na kuvizungushia uzi, akampa nafasi karibu na mlango, ambako wageni wote walianzia, akamsahau.

Mwezi wa sita Bi Sichana akashikwa na homa. Jumatano ilipofika hakuweza kusimama. Hija, aliyekuja kumtazama tangu asubuhi, alimfunika shuka ya pili akamuuliza afanyeje na watu.

"Waambie hakuna kikao," alisema Bi Sichana. "Wasubiri mpaka nnyanyuke."

Hija akatoka. Bi Sichana alilala akisikiliza. Alizisikia sauti za wanawake mlangoni, wakimpa pole kupitia dirishani, mmoja mmoja, akaridhika. Kisha zikaondoka. Alikuwa ameanza kusinzia aliposikia kicheko. Si kicheko cha mtu mmoja; kilikuwa cha watu wengi, kimepasuka kwa pamoja, kutoka nyumba ya tatu. Akafumbua macho. Kikaja chengine. Akaanza kuzitambua sauti: yule ni Kidawa, yule ni mke wa muuza makaa, na ile ya kikohozi mwishoni ni ya Hija.

Hija alirudi kabla ya magharibi na bakuli la uji, uso umemchangamka.

"Mlikuwa wapi?" Bi Sichana aliuliza.

"Kwa Mwanapili. Watu walikuwa washafika, shoga, na kila mtu ana lake moyoni. Mwanapili kasema haya njooni kwangu. Kasema kwao wakikaa kusuka ukili wa mikeka hapana mkubwa. Mwenye neno hulitaja, anayelitaka humsogelea, na asiyelitaka huenda kwengine, wala hapana wa kumuuliza. Basi tukafanya hivyo hivyo." Hija alikaa kitandani, akakoroga uji. "Kidawa kasema yeye kasoma mpaka darasa la sita, nani anataka kufunzwa herufi? Watano wakamfuata. Mwanapili mwenyewe kasema mtoto wake anakataa ziwa, nani ashapata kuona haya? Na yule mke wa muuza makaa, ukimya wote ule, unajua kasema nini? Kasema mamaake kafa Makunduchi mwezi uliopita na hajapata pa kulia. Nkenda kukaa naye."

"Mkakaa mkilia."

"Tulilia, halafu akanihadithia vituko vya mamaake, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nkenda kwa Kidawa." Hija alionesha kidole chake kilichopakaa mkaa. "Shoga, nshaandika herufi tatu."

Bi Sichana alionja uji. Akasema umezidi chumvi, akageukia ukutani.

Alipopona, aliwaita wote warudi kwake, nao wakarudi kwa furaha, wakamletea maandazi na ndizi. Akakaa kwenye kiti chake, akasafisha koo, akasema leo watazungumza habari ya kuweka akiba ya chakula. Wanawake wakatazamana. Kidawa, aliyekuwa mdogo kuliko wote na hana woga, akasema kwa adabu, "Bi Sichana, tulikuwa tunaomba tufanye kama wiki ile. Tulifaidi sana."

"Fanyeni," alisema Bi Sichana. "Nani kakukatazeni?"

Hakudhani kama wataondoka. Lakini ukumbi ule aliouzoea ukijaa mbele yake, nyuso zote zikimwelekea, uligawika. Wengine walikwenda dirishani na Kidawa, wengine wakaingia uwani na Mwanapili, wawili wakajitenga kupimana kanzu. Mwanapili hakusimamia chochote. Alizunguka na mtoto wake mgongoni, akasikiliza hapa, akakaa kule, na kila alipokaa watu walisogea kumpa nafasi. Bi Sichana alibaki juu ya kiti, peke yake katikati, kama chombo kilichosahauliwa wakati wa kuhama. Aliinuka akaenda jikoni kutazama mchele ambao hata hakuuteleka. Aliporudi, hakuna aliyejua kama alikuwa ameondoka.

Siku hiyo ndipo kijicho kilipomwingia, na alikijua kwa jina lake. Alimwangalia yule msichana wa shamba, miguu yake mikubwa, kanga yake iliyopauka, na akajiuliza ana nini. Hana elimu, hana nyumba, hata kushona kafunzwa hapa hapa. Kila kicheko kilichotoka uwani kilimchoma kama kimeibwa mfukoni mwake.

Akajaribu kufuata utaratibu wao. Alikwenda kwenye mkeka wa herufi, akakaa. Mmoja aliposoma "baba" akasema "dada", Bi Sichana akamsahihisha. Akamsahihisha wa pili. Akachukua mkaa mkononi mwa Kidawa kuonesha namna herufi inavyopaswa kuandikwa. Wale wanawake wakasubiri. Kisha mmoja akainuka taratibu, akajifunga kanga vizuri, akaenda uwani. Akamfuata wa pili. Hawakusema neno baya. Ndio utaratibu wenyewe, miguu ya kila mtu ni yake. Bi Sichana aliwaangalia migongo yao mpaka mlangoni.

Baada ya hapo kikao kikaanza kuzunguka, wiki hii kwa huyu, wiki ile kwa yule. Yeye akaenda kila mara. Angeweza kukaa kwake, lakini kukaa kwake na kusikia ilikuwa mbaya zaidi.

Kilichomshinda kabisa ni barua ya Hija. Mtoto wa pekee wa Hija alikuwa karani Mombasa, na kwa miaka saba barua zake zote zilisomwa na Bi Sichana, wakiwa wawili, mlango umerudishwa. Bi Sichana alijua pa kusita na pa kupunguza sauti. Zikiwa na habari mbaya alizisoma kwanza kimya, akamshika Hija mkono, ndipo akazitamka. Jumatano hiyo, nyumbani kwa Kidawa, Hija alitoa bahasha kifuani, na Bi Sichana, kwa mazoea, akanyoosha mkono.

"Ngoja," alisema Hija. "Nataka kujaribu."

Akaifungua. Akaweka kidole juu ya karatasi. "Ma... ma... ma-ma-ngu." Wa uwani wakaja mlangoni. Hija alitoka jasho, akarudia, akakwama, na hakuna aliyemsaidia. Walimngojea tu, wanawake kumi na tatu, wamezuia pumzi. "Ma-ma-ngu m-pe-nzi. Mi-mi ni m-zi-ma." Hapo akavunjika, akalia kwa sauti, karatasi kaifumbata kifuani. Vigelegele vikapigwa. Wakamkumbatia. Na wa kwanza ambaye Hija alimgeukia, akamwegemeza kichwa begani, alikuwa Mwanapili.

Bi Sichana alichukua buibui lake akatoka. Barua ile hakuimaliza kuisikia.

Asubuhi ya pili yake alikwenda kwa sheha wa mtaa, Bwana Borafya, mtu mzima mwenye kusema kidogo. Alimkuta barazani akinywa kahawa. Wakaamkiana, wakaulizana hali. Kisha Bi Sichana akasema ana jambo linalomsumbua kwa ajili ya mtaa. Kuna wanawake wanakutana. Hawana mkubwa. Wanaingia na kutoka wapendavyo, wanasema wapendayo, na nyakati hizi, siasa zimeanza kuingia kila kichochoro, nani ajuaye litakalozuka humo?

"Si kile kikao chako?" aliuliza sheha.

"Kilikuwa changu. Sasa ni cha Mwanapili, mke wa Ame Mtumbatu. Jumatano ijayo watakuwa nyumbani kwake."

Sheha alizungusha kikombe chake. "Hapana uchochezi?"

Bi Sichana hakutaka kusema uwongo. "Sijasikia. Lakini mkusanyiko bila ya mtu wa kuulizwa, Bwana Sheha."

"Ntakwenda kutazama," alisema.

Njia nzima ya kurudi Bi Sichana alijiambia kwamba amefanya la haki. Siku tano zilizofuata hakula vizuri.

Jumatano alikwenda mapema kwa Mwanapili, akachagua kona. Mikeka ilikuwa imetandikwa. Mwanapili, kwa kuwa ni siku ya nyumbani kwake, alikuwa amepika bokoboko, akampakulia Bi Sichana sahani ya kwanza kwa mikono miwili. "Shikamoo, Bi Sichana. Leo umetuwahi." Bi Sichana aliitikia marahaba bila ya kumtazama.

Hawajakaa sana, hodi ikapigwa. Wanawake wakajitanda kanga zao vichwani. Bwana Borafya aliingia, akasimama karibu na mlango, macho chini kwa heshima.

"Nani mkubwa wa mkutano huu?" aliuliza.

Mwanapili alisimama. Mtoto alikuwa amemlalia begani. "Hatuna mkubwa, Bwana Sheha. Kila mwenye neno hulisema."

"Nani anayewaita?"

"Hapana anayetuita. Tunakuja tu."

"Bibi," alisema sheha, "mimi sikuja kwa ugomvi. Lakini nimeletewa habari. Mkusanyiko wa watu wengi hivi usio na mtu wa kuulizwa, siwezi kuuacha. Likitokea jambo ntamwita nani? Ntajieni jina, au mtawanyike."

Mwanapili alishika kichwa cha mtoto. Bi Sichana alikuwa ameingoja saa hii siku tano, na sasa hakujua aitazame vipi. Alisubiri wamtaje Mwanapili. Nani mwengine wangemtaja?

"Bi Sichana," alisema Hija.

"Naam," aliitika Bi Sichana, akidhani ameitwa.

"Namtaja. Likitokea jambo, Bwana Sheha, mwite Bi Sichana."

"Ndiyo, Bi Sichana," alisema Kidawa. Mke wa muuza makaa naye akasema. Jina likapita mkeka kwa mkeka, na mwisho Mwanapili akasema, "Bi Sichana ndiye. Sote hapa tumeingia kupitia mlango wake. Mimi nilikuwa simjui mtu mji huu, yeye ndiye aliyenishika mkono."

Bwana Borafya akainua macho kwa mara ya kwanza. Akamtazama Bi Sichana kwenye kona yake, akamtazama kwa muda. Neno moja lake lingetosha kumfichua.

"Umesikia, Bi Sichana," alisema. "Unakubali kuwa mtu wa kuulizwa?"

"Nakubali."

"Basi mimi sina neno zaidi. Endeleeni." Akaaga, akatoka.

Wanawake wakapumua. Mmoja akacheka, mwengine akamtania Kidawa kwamba alitaka kujificha nyuma ya mtungi. Mikeka ikaanza kujipanga upya. Mwanapili akauliza kama kawaida, "Haya, nani ana neno?"

Bi Sichana alijaribu kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, mara tatu, ukakataa. Akauweka chini.

"Mimi n'na neno."

Wote wakageuka. Tangu utaratibu huu uanze hajapata kusema hivyo hata mara moja. Wakakaa kumsikiliza, na sura zao zilikuwa za furaha, na hilo likamzidishia uzito.

"Sheha nilimwita mimi," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Akarudia. "Nilikwenda kwake Alkhamisi. Nikamwambia mnakusanyika bila ya mkubwa. Nikamtajia nyumba hii."

"Kwa nini?" aliuliza Mwanapili, kwa sauti ndogo.

"Kijicho." Lilimtoka kama mwiba. "Nilikuwa nnaumwa, mkacheka bila yangu. Nikapona, mkaendelea bila yangu. Wewe huna unalolitoa, huwafunzi kitu, huwaamrishi, na wanakupenda. Mimi nimewapa miaka sita. Na barua ya Hija..." Akamtazama Hija. "Barua ya Hija ilikuwa yangu kuisoma."

Hija akaikunja kofia aliyokuwa akiishona, akaitia kwenye kikapu, akainuka. Hakumtazama. Akavaa viatu mlangoni akaenda zake. Mke wa muuza makaa akafuata, na Kidawa, na wengine, mmoja baada ya mmoja, hakuna aliyetukana, hakuna aliyesema kwaheri. Miguu yao ni yao. Alibaki Mwanapili, kwa kuwa ndipo kwake.

"Mimi n'ende wapi?" alisema Mwanapili, machozi yakimtiririka. "Hapa ndipo kwangu. Unajua Ame akisikia sheha kaingia nyumbani kwake kwa ajili yangu itakuwaje? Unajua, Bi Sichana? Wewe ni mkubwa wangu. Ungenambia tu."

"Ningekwambia nini?"

"Ungenambia unaumia."

Bi Sichana alisaidia kukunja mikeka, na Mwanapili akamwacha asaidie.

Ame alisikia siku ile ile. Hakuwa mtu wa kelele, lakini alikataa kikao kisiingie tena kwake, na akamkataza mkewe asitoke Jumatano. Waume wengine wawili wakafanya vivyo hivyo. Jumatano iliyofuata hapakuwa na kikao popote, na Michenzani ilikuwa kimya kama siku ya mazishi. Bi Sichana alikaa ukumbini mwake na ukimya ule ule uliomfanya, zamani, amwite Hija aje washone.

Asubuhi ya pili yake alikwenda kwa Ame. Alimkuta anajitayarisha kwenda bandarini. Hakukubali kuketi. Alimwambia yote, akiwa amesimama, mwanamke wa miaka hamsini na tatu mbele ya mtu anayeweza kuwa mwanawe: kwamba mkewe hana kosa, kwamba fitina ilitoka kinywani mwake yeye, kwa husuda. Kisha akaenda kwa wale waume wawili wengine akasema maneno hayo hayo. Mmoja alimjibu kwa jeuri, akavumilia.

Jumatano ya tatu alitandika mikeka ukumbini mwake, akapika chai ya tangawizi, akaacha mlango wazi, akatoka. Alikwenda kukaa kwa dada yake Mpendae mpaka magharibi. Aliporudi alikuta vikombe vimeoshwa na ukumbi umefagiwa. Hakuuliza walikuja wangapi. Alifanya hivyo wiki nne.

Wiki ya tano Hija alimzuia mlangoni, Bi Sichana akiwa tayari amevaa buibui.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa dada."

"Dada yako kachoka nawe." Hija alikuwa hajamsemesha tangu siku ile, na hata sasa uso wake ulikuwa mgumu. "Mama mmoja mgeni kaja na wasia wa babaake, umeandikwa hati za Kiarabu. Kidawa haziwezi. Anataka kufunzwa, si kusomewa. Utaweza kumfunza bila ya kumnyang'anya kalamu?"

"Sijui," alisema Bi Sichana, na ndiyo kweli.

Alikaa na yule mgeni mkekani, karibu na mlango. Aliikalia mikono yake mara mbili ili asiichukue kalamu. Yule mama alikuwa mzito wa kuelewa, na hakuna mwengine aliyekuja kujiunga nao. Mwanapili alipita, mtoto mkononi, akasimama kidogo, akaendelea.

Wakapatana polepole, si kama zamani. Mwanapili aliamkia shikamoo, akajibiwa marahaba, mara nyengine wakakopeshana sindano. Mwaka wa pili, Ame aliumia mguu kwa gunia la karafuu, wakaamua kurudi kwao. Kikao kizima kilimsindikiza Mwanapili mpaka Darajani, kwenye gari ya kwenda Mkokotoni, kwenye mashua za Tumbatu, wakiwa wamebeba masufuria na godoro lake. Hija alilia mpaka watu wakageuka. Kidawa alipanda garini kumkumbatia, konda akamshusha kwa nguvu. Mwanapili alimpa Bi Sichana mkono kupitia dirishani, akambusu kiganja, gari ikaondoka.

Walirudi kwa miguu, wawili nyuma ya wenzao.

"Hija," alisema Bi Sichana, "mimi ningehama ungelia vile?"

Hija alisimama njiani. Akamtazama shoga yake wa miaka thelathini, akaona kwamba anauliza kweli.

"Hata leo una kijicho, Sichana?"

"Hata leo. Nnakwambia ili nsiende kwa sheha."

Hija aliangua kicheko, machozi hayajamkauka, akamshika mkono, na wakaendelea kutembea hivyo mpaka Michenzani, kwa sababu ilikuwa Jumatano na alasiri ilikuwa imekaribia.